Jiwe Lisilopigwa Picha

Fundi alikuwa amepiga goti kando ya ngazi, chini kidogo ya magofu ya Phuyupatamarca nchini Peru, mahali ambapo njia ya Inka inaanza kuporomoka kwenda Wiñay Wayna. Kipande cha ukuta unaoshikilia njia kilikuwa kimebomoka, naye alikuwa akikirudishia. Hakuwa na mwiko wala ndoo ya saruji. Alilichukua jiwe, akaliweka, akalitikisa kwa kiganja, akalitoa. Akaligeuza, akaligonga pembe moja, akalirudisha. Akapanda juu yake kwa miguu yote miwili, akahamisha uzito wake kulia, kushoto. Mimi niliapa halikutikisika. Yeye akashuka, akalitoa tena.

Mwongozaji wetu, kijana wa mji wa Cusco, alimsalimia kwa Kiquechua na kumpa majani machache ya koka. Wenzangu walipita bila kugeuza shingo. Walikuwa na haki yao: mvua ilikuwa inanukia, kambi ilikuwa bado mbali, na wote waliwaza kesho, siku ya kufika Machu Picchu. Nilibaki nyuma kidogo. Nilipoondoka jiwe lilikuwa bado nje.

Sisi tuliokulia pwani ya Afrika Mashariki tumezoea ukuta unaoshikwa na chokaa. Kilwa Kisiwani na Gedi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa ndiyo iliyoyafunga pamoja. Kuta bora za Wainka hazifungwi na kitu. Jiwe gumu limechongwa likapokea umbo la jirani yake, na kuta zimelazwa kidogo kwa ndani ili ziegemee nafsi zao. Wenyewe hawakuwa na chuma. Mbunifu majengo Jean-Pierre Protzen alikwenda Peru miaka ya 1980 kujaribu kwa mikono yake, akagonga jiwe kwa jiwe la mtoni lililo gumu zaidi, akaona kazi hiyo inawezekana bila miujiza yoyote. Bandu bandu huisha gogo, na mwamba vilevile. Hadithi za viumbe kutoka angani waliojenga Cusco nimezisikia. Zinanikera, kwa sababu zinamnyang'anya fundi ujira wake.

Mwaka 1950 tetemeko la ardhi liliipiga Cusco. Nyumba ya watawa ya Santo Domingo, ambayo Wahispania waliijenga juu ya hekalu la Qorikancha, iliharibika vibaya. Kuta za Wainka zilizokuwa chini yake zilibaki zimesimama.

Lakini sifa zangu leo si za kuta hizo, kwa kuwa wa kuzisifu wapo tele. Nasifu njia yenyewe. Hii ya siku nne, kilomita arobaini na ushei kutoka bonde la Urubamba, ni uzi mmoja tu wa Qhapaq Ñan, mtandao wa barabara uliopita kilomita 30,000 katika milima ya Andes. Inapanda hadi Warmiwañusqa, zaidi ya mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, pumzi inakuwa ya kukopa, kisha inashuka, inapanda tena. Mahali fulani imepenya ndani ya mwamba kwa handaki lenye ngazi. Na kila mahali, ukiinamisha macho badala ya kuyainua, utaona maji yalivyofikiriwa: hapa jiwe limelazwa upande, pale kuna mfereji mwembamba unaovuka njia, kule upenyo chini ya ukuta. Mvua ilitunyeshea usiku kucha na asubuhi ngazi hazikuwa na madimbwi. Nikakumbuka barabara moja ya lami mjini kwetu iliyozinduliwa kwa ngoma na utepe, ikaondoka na masika ya kwanza kwa sababu hakuna aliyekumbuka mtaro.

Mhandisi wa maji Kenneth Wright, aliyeanza kuichunguza Machu Picchu mwaka 1994, alikadiria kwamba kama asilimia 60 ya kazi ya ujenzi wa mji ule iko chini ya ardhi: misingi, kokoto, mifereji. Chini ya udongo wa matuta kuna changarawe, chini yake mawe makubwa. Mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka imekuwa ikipita humo tangu karne ya 15, zama za mfalme Pachacuti. Mji uliachwa, msitu ukaufunika, mtafiti Mmarekani Hiram Bingham akaja mwaka 1911 akakuta wakulima wanalima kwenye matuta hayo hayo. Yalikuwa bado yanafanya kazi.

Siku ya mwisho huanza gizani. Watalii hupanga foleni kwenye kizuizi cha ukaguzi, taa zimefungwa vipajini, na kikifunguliwa hutoka mbio kwenda Inti Punku, Lango la Jua. Karibu na hapo kuna ngazi zilizosimama wima kiasi kwamba watu huzipanda kwa mikono na miguu, na nina hakika hazijawahi kupigwa picha kwa heshima yake. Wapagazi hawamo katika mbio hizo. Wao, waliobeba mahema na sufuria zetu, alfajiri hiyo hushuka njia nyingine kuwahi treni. Sheria ya Peru inasema mzigo wao usizidi kilo 20, kama ilivyo kwa wenzao wa Kilimanjaro. Safari inamalizwa na waliobebewa.

Pale chini, ndani ya Machu Picchu, juu ya kilima cha Intihuatana, liko jiwe lililochongwa kutoka mwamba hai. Lilidumu karne zote hizo. Mwaka 2000, wakati wa kupiga filamu ya tangazo la bia, mtambo wa kuinulia kamera ukaliangukia na kumega pembe yake. Karne tano, na dakika moja ya tangazo.

Hata kwetu Afrika Mashariki, Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, yapo matuta na mifereji ya mawe makavu, kazi ya wakulima walioanza katika karne hiyo hiyo ya 15. Ni wangapi kati yetu tumekwenda kuinama pale?

Peru wanajitahidi kuilinda njia yao. Watu wanaoruhusiwa kuanza njia ni 500 kwa siku, wapagazi na waongozaji wakihesabiwa humo. Huendi bila mwongozaji. Fimbo ya kutembelea lazima ivalishwe mpira nchani. Kila Februari njia hufungwa kwa ajili ya mvua na matengenezo. Ningekuwa na mamlaka, ningeifunga miezi mitatu.