Mhadhara Uliorekodiwa na Sufuria ya Abunuwasi

Tangu vyuo vikuu vya Kenya vilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya Korona, mhadhara uliorekodiwa na kuwekwa katika intaneti umekuwa chombo cha kawaida cha kufundishia. Mjadala juu yake aghalabu huhusu gharama, mitambo na mahudhurio. Ni nadra mhadhara wenyewe kuhakikiwa kama matini, yaani usemi wenye msemaji, wasikilizaji, lugha na mahali pake. Makala haya yanakusudia kufanya hivyo kwa kuchunguza mkusanyiko mmoja ambao mwalimu wa fasihi anaweza kuupata bila malipo.

Mkusanyiko huo ni mihadhara 26 ya Paul Fry kuhusu nadharia ya fasihi, iliyotolewa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 2009. Ilirekodiwa darasani, mbele ya wanafunzi, na inapatikana kwa picha, kwa sauti peke yake na kwa maandishi. Mwaka 2012 ilitolewa pia kuwa kitabu.

Sifa zake ni za kweli. Mwanafunzi aliyeshindwa kuielewa hoja ya udenguzi aweza kuirudia mara tano bila kumwonea haya mtu yeyote. Aidha, Fry ana mbinu moja ya ualimu inayostahili kuigwa. Amechagua hadithi fupi ya watoto, habari za gari la kuvuta magari liitwalo Tony, ambalo siku moja lilikwama lenyewe. Magari mengine yakakataa kulisaidia, hata likapatikana moja lililolisukuma. Nadharia nyingi zinapofundishwa hurudishwa kwa Tony ili zijaribiwe. Kwa kuwa kisa ni chepesi, msikilizaji hubaki na nguvu za kuifikiria nadharia.

Hapo kwenye sifa ndipo penye upungufu pia. Tony ni mtoto wa Kiingereza. Mwanafunzi wa Nairobi au Mombasa anayeishia kusikiliza hujifunza nadharia pamoja na mfano wake, kisha huvidhani kuwa kitu kimoja. Hatuwezi kumlaumu Fry kwa hilo. Yeye alisema na wanafunzi waliokuwa mbele yake. Wa kulaumiwa ni idara inayouchukua mhadhara wake na kuufanya mwisho wa somo.

Natutoe mfano. Abunuwasi, kama inavyosimuliwa, aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na kisufuria, akasema kuwa sufuria imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Alipoazima tena hakuirudisha, akasema imekufa. Jirani akakataa: sufuria haiwezi kufa. Kama Tony, sufuria hii ni kitu kilichopewa uhai, nayo yafaa kwa majaribio yale yale. Lakini ikihakikiwa kwa Kiswahili huzua mambo ambayo Tony hawezi kuyazua.

Kwanza, kuna upatanisho wa kisarufi. Msimulizi akisema "sufuria imezaa", ameiacha katika ngeli ya vitu. Akisema "sufuria amezaa", ameitia katika upatanisho wa viumbe hai. Tashihisi inakuwa katika kiambishi kimoja, na kila msimulizi hana budi kuchagua. Pili, kuna vitenzi vyenyewe. Katika Kiswahili saa hufa, gari hufa, duka hufa, hata desturi hufa. Lakini chombo cha jikoni hakizai. Kwa hiyo jirani alilikubali neno zito kwa kuwa lilimletea faida, akalikataa neno jepesi, lililo katika vinywa vya watu kila siku, kwa kuwa lilimtia hasara. Ujanja wa Abunuwasi haumo katika mantiki pekee, bali umo pia katika lugha. Hoja ya Saussure kwamba lugha ni mfumo wa tofauti, ambayo Fry anaifafanua katika mhadhara wake wa 8, hapa inamfikia mwanafunzi kupitia lugha anayoitumia mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba nadharia ni ile ile popote, na mfano ni pambo tu. Hatukubaliani nao. Mfano ndio unaoipima nadharia, na anayechagua mfano ndiye anayeamua kipi kitaonekana. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza kwamba Idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi ifutwe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya mafunzo. Hawakutaka fasihi ya kigeni ifukuzwe. Walitaka mahali pa kuanzia pabadilishwe. Mhadhara uliorekodiwa unaweza kulirudisha swali lile kimyakimya, kwani huingia kama msaada wa bure, bila kupigiwa kura katika kikao chochote cha idara.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Mosi, mihadhara ya namna hii isikilizwe kabla ya kipindi, michache na kwa uteuzi. Mwenye uhaba wa fedha apewe sauti au maandishi, ambayo hayana gharama ya picha. Pili, saa ya darasani isitumiwe kuyarudia yaliyosikika, bali kumwondoa Tony na kumweka Abunuwasi, Sungura au utenzi, ili ionekane nadharia inasimama wapi na inalegea wapi. Tatu, idara zetu zirekodi mihadhara yao kwa Kiswahili. Na zikirekodi, maswali ya wanafunzi yasikatwe, hata yale ambayo mhadhiri hakuyajibu vizuri. Atakayesikiliza mwaka ujao apate kujua somo lilikwama wapi, aanzie hapo.