Mkono Uliopaka Rangi Vita vya Thermopylae

Wengi wetu Afrika Mashariki tuliiona filamu ya 300 ikiwa imeshafifia. Ilitoka mwaka 2007, enzi za kibanda umiza na DVD moja iliyobanwa filamu kumi, na kila filamu iliyobanwa namna ile ilipoteza kitu njiani. Makelele ya mwigizaji Gerard Butler yalibaki. Mikuki, ngao na mateke vilibaki. Kilichoondoka ni rangi. Anga la dhahabu liligeuka tope, majoho mekundu ya Wasparta yakawa kahawia, na usiku ukawa miraba miraba inayotetemeka kwenye kioo. Watu walitoka kibandani wakisimuliana jinsi mjumbe wa Uajemi alivyopigwa teke akatumbukia kisimani, wakaamini wameiona filamu.

Kwa upande wa hadithi, ni kweli waliiona. Hadithi ya 300 unaweza kuisimulia ukaimaliza kabla chai haijapoa. Mwaka 480 kabla ya Kristo, mfalme Leonidas wa Sparta anakwenda na watu wake 300 kuziba njia nyembamba ya Thermopylae, kati ya mlima na bahari, ili jeshi la Xerxes wa Uajemi lisipite. Wanashikilia siku tatu, mtu anawauza kwa kumwonyesha adui njia ya mlimani, wanakufa. Mwongozaji Zack Snyder hakuongeza mengi hapo. Uzito wa kazi yake aliuweka kwenye rangi, na rangi hiyo hakuianzisha yeye. Ilianzia kwenye brashi ya mwanamke anayeitwa Lynn Varley, ambaye mashabiki wa filamu hii wanaoweza kukutajia waigizaji wake wote hawajawahi kumsikia.

Kabla ya filamu kulikuwa na kitabu cha katuni. Mtunzi wake, Frank Miller, aliiona filamu ya mwaka 1962, The 300 Spartans, akiwa mtoto, na vita vile havikumtoka kichwani. Alipokuja kuvichora mwenyewe, kampuni ya Dark Horse ya Marekani ilivitoa mwaka 1998 katika matoleo matano. Miller alichora kwa wino mweusi mzito, mchoro mmoja ukitanda kurasa mbili zinazotazamana, hata yalipounganishwa kuwa kitabu kimoja kikawa kipana kuliko kirefu. Kisha akamkabidhi Varley. Walishafanya naye katuni za Ronin na The Dark Knight Returns katika miaka ya 1980, akajua anamkabidhi nani.

Nikikifungua kitabu hicho popote, kinachonishika kwanza ni jinsi Varley alivyojinyima. Mpaka hina mzuri hujulikana kwa ngozi aliyoiacha wazi. Varley hujulikana kwa rangi alizokataa kuzitumia. Kurasa nyingi ni vumbi, kutu, majivu, shaba iliyochakaa na ngozi iliyochomwa na jua. Anakuzoesha ukavu huo hadi jicho linaona kiu. Hapo ndipo joho jekundu linapoingia, na linaingia kama mtu aliyeitwa. Wasparta wa kweli walivaa nyekundu vitani. Hilo limeandikwa na Wagiriki wenyewe. Lakini kujua kwamba walivaa nyekundu ni jambo moja, na kuiandalia nyekundu hiyo nafasi ukurasa baada ya ukurasa ni jambo jingine, na hili la pili ndilo ufundi.

Sogeza jicho karibu. Rangi haikulala sawasawa kama ile ya plastiki. Pana mahali imetua nzito, pana mahali imechakaa kama ukuta wa chokaa ulionyeshewa mvua, na pana mahali imerushwa matone matone, hujui kama ni damu, ni matope au ni mkono wa mchoraji ulioharakishwa na jambo lenyewe. Anga zake hazina utulivu hata vita vinapokuwa bado. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini kwenye kitabu hiki naona kuna haja ya kuambiana, kwa sababu wasomaji hukimbilia maneno na mikuki. Waliotakiwa kuona waliona: mwaka 1999, tuzo ya katuni ya Eisner ya mpaka rangi bora alipewa yeye.

Snyder alipochukua kazi hiyo angeweza kufanya kama wenzake, yaani kununua hadithi na kutupa michoro. Angeweza kwenda Ugiriki. Lakini Thermopylae yenyewe haipo tena kama ilivyokuwa. Mto Spercheios umebeba udongo karne kwa karne, ukaisukuma bahari kilomita kadhaa, na pale askari walipobanwa kati ya maji na jabali sasa ni uwanda na barabara kuu. Wale wa 1962 nao walilazimika kupiga picha kwingine, Perachora, karibu na Korintho, wakisaidiwa na askari wa jeshi la Ugiriki. Mahali palipoliwa na udongo hapapigiki picha. Panabaki kuchorwa.

Basi wakachora. Kazi ilifanyika ndani ya studio Montreal, Kanada, kwa siku 60, mbele ya mapazia makubwa yaliyokuwa buluu kwa sehemu kubwa. Buluu ilipendelewa kuliko kijani kwa sababu, pamoja na mambo ya mwanga, majoho mekundu hukaa vizuri zaidi mbele ya buluu. Nakipenda sana kisa hicho kidogo. Vyombo vyote vile, fedha zote zile, na bado shauri linakatwa na nyekundu ya Varley. Nje walitoka kwa ajili ya tukio la farasi tu. Miamba michache na ukuta vilijengwa. Mbingu, bahari na majeshi vikaja baadaye kwenye kompyuta, katika makampuni kadhaa yaliyogawana kazi. Na zilipofika kwenye kusahihishwa rangi, picha zote zilipitishwa kwenye njia moja: weusi ulikandamizwa hadi ukawa mweusi kabisa, kama wino wa Miller, na rangi chache zilizobaki zikakolezwa.

Wapo wanaosema kompyuta ndiyo iliyofanya kila kitu. Wamtazame Larry Fong, mpiga picha wa filamu hii, kwenye lile shambulio ambalo Leonidas anatoka mbele ya safu, anachoma, anageuka, anakata, anatupa mkuki, anachomoa upanga, na picha haikatiki. Unavutwa karibu hadi kwenye jicho la anayekufa, unarudishwa nyuma uone uwanja, unavutwa tena. Kamera zilizotumika ni tatu, zimefungwa pamoja, kila moja na lenzi yake, zote zikienda kwa kasi ili mwendo uweze kupunguzwa baadaye. Halafu mtu akakaa akaziunganisha, akichagua ni wakati gani jicho lihame kutoka lenzi hii kwenda ile. Na mbele ya kamera hizo alikuwepo mwigizaji aliyefanyishwa mazoezi kwa miezi na mpanda milima Mark Twight, akirudia hatua zile zile bila kukosea. Kompyuta haikumfundisha yeyote kati yao kusubiri.

Tukio ninalolirudia kuliko yote ni la jabali. Wasparta wanawasukuma Waajemi hadi ukingoni, na tunaliona jambo hilo kwa mbali, kwa ubavu, miili ikiwa vivuli vyeusi tu dhidi ya anga iliyoungua. Wanaanguka. Hakuna sura, hakuna jicho, hakuna tone la damu linaloonekana. Ni ukurasa wa kitabu uliosimama wima na kuanza kutembea. Filamu nyingine ya vita ingetuonyesha uso wa kila anayeanguka ili tushtuke; hapa tunaonyeshwa umbo la kuanguka kwenyewe, na linabaki kichwani miaka. Vivyo hivyo picha ya mwisho ya Leonidas, amelala mikono imetanuka kati ya mishale na maiti za watu wake, kamera ikipaa taratibu juu yake. Mtu aliipanga ile. Aliamua mguu ulale wapi na joho likunjike vipi.

Waliokuja nyuma yao walichukua kilicho rahisi. Tamthilia ya Spartacus iliyoanza mwaka 2010 ilichukua damu ya kompyuta na mwendo wa polepole. Mwaka 2014 ikaja sehemu ya pili, 300: Rise of an Empire, yenye meli na bahari na mapanga mengi zaidi, na rangi iliyotiwa kila mahali kiasi kwamba haionekani popote. Leo kuna kitufe. Kijana anapiga video ya harusi saa nane mchana, uso wa bibi harusi unang'aa kwa jua na jasho, naye anabonyeza simu na dunia nzima inakuwa njano na nyeusi. Hakuuliza kwa nini njano. Hakuuliza gauni litasemaje, wala ngozi ya bibi harusi, ambayo ni nyeusi na nzuri, itageuka kuwa nini ikikandamizwa. Varley aliuliza maswali hayo kwenye kila ukurasa, na majibu yalimchukua muda. Ule muda ndio tulioutupa, na sioni kama tunajua tumeutupa.

Lakini ufundi wa filamu hii ulitumikishwa vibaya, na anayeupenda ndiye anayepaswa kulisema hilo kwa sauti. Iran, nchi ya Waajemi wale, ililalamika hadharani mwaka 2007, na ilikuwa na haki. Waajemi wa filamu ni majitu yenye meno yaliyochongwa na nyuso zilizofichwa, na Xerxes ni pande la mtu lililotobolewa pete na minyororo kila mahali. Herodotus, Mgiriki aliyetuachia habari za vita hivi, hakuwa mkali kiasi hicho. Yeye anasimulia kwamba wajumbe wa Uajemi walitupwa kisimani huko Sparta kweli, ila hiyo ilikuwa miaka kama kumi nyuma, zama za Dario, baba yake Xerxes. Baadaye Wasparta wakawatuma watu wao wawili kwa Xerxes wakauawe ili kulipia dhambi hiyo, naye Xerxes akakataa kuwaua. Hilo filamu haina. Haina pia Wathespia 700 waliobaki na Leonidas siku ya mwisho wakafa pamoja naye, wala watumwa wa Sparta, ambao jasho lao ndilo lililowapa wale mashujaa nafasi ya kuwa mashujaa.

Wanaoitetea husema kuwa msimulizi ni Dilios, askari aliyerudishwa nyumbani akiwa na jicho moja, anayewapa wenzake moyo kabla ya vita vilivyofuata vya Plataea, na msimulizi wa vita ana haki ya kukuza. Sisi tuliolelewa na tendi hatuwezi kuikataa hoja hiyo moja kwa moja. Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, akajaza mapigano makubwa kati ya Waislamu na jeshi la Herekali, mfalme wa Rumi, ilhali msafara wenyewe wa Tabuk unaosimuliwa humo ulirudi bila vita. Kukuza si kosa. Kosa ni kumkuza mmoja kwa kumfanya mwingine asiwe mtu.

Na hapa rangi inarudi. Mjumbe yule wa kisimani, aliyeigizwa na Peter Mensah, mzaliwa wa Ghana, ndiye mtu mweusi tunayepewa nafasi ya kumsikiliza kuliko wengine, na anakufa mapema. Lakini jeshi la Xerxes lilikuwa na kikosi ambacho Herodotus alikieleza kwa makini kuliko vingi: watu weusi wa kusini mwa Misri, aliowaita Waethiopia. Walivaa ngozi za chui na simba. Pinde zao zilikuwa za ubale wa mtende, ndefu, zisizopungua dhiraa nne, mishale yao ina ncha za jiwe lililonolewa, na mikuki yao ina ncha za pembe ya swala. Walipokwenda vitani walijipaka mwili, nusu chokaa nyeupe, nusu rangi nyekundu. Nusu nyeupe, nusu nyekundu! Filamu iliyojengwa juu ya nyekundu moja tu ilikuwa na jeshi zima la nyekundu na nyeupe kwenye kitabu cha Mgiriki mwenyewe, ikalipita. Mkono wa Varley ungewafanya nini watu hawa, mbele ya ukungu wa alfajiri na shaba ya Wagiriki, kila mmoja akiwa ameshajipaka rangi kabla mchoraji hajafika?

Ewe unayeshika brashi, Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au popote: kitafute kitabu cha 300, kiazime kama huna uwezo wa kukinunua, ukae nacho taratibu ujifunze jinsi rangi moja inavyosubirishwa hadi iwe na maana. Kisha mfungue Herodotus, kitabu cha saba, mahali anapohesabu majeshi ya Xerxes. Askari wale wa nusu nyeupe nusu nyekundu wamo humo na wanamhitaji mtu wa kuwachora. Wachore kwa mkono, na usibonyeze kitufe.