Kung fu haina baba mmoja: tupime tena hadithi ya Shaolin

Uliza vijana hapa Mbunya kung fu ilitokea wapi. Wengi watakujibu bila kufikiri mara mbili: Shaolin. Hekalu moja, mtawa mmoja kutoka India kwa jina Bodhidharma, kisha mitindo yote ikazaliwa pale kama watoto wa mama mmoja. Hata wenye kufanya karate wanasemaka hivyo. Hii elimu hatukuipata darasani, tuliipata kwa filme. Basi kama tunataka kuipima, tuanzie kwa filme yenyewe.

Chukua The 36th Chamber of Shaolin, ya Hong Kong, mwaka 1978. Kijana anakimbia utawala wa Wamanchu, anaingia hekaluni, anapita vyumba 35 vya mazoezi, anakuwa mtawa San Te. Mwishoni anafungua chumba cha 36 ili watu wa inje nao wafundishwe. Mimi naipenda sana. Inaonyesha mafunzo kama kazi: ndoo za maji, jasho, kurudia kitu kimoja mpaka mwili ukielewe. Filme chache zinaheshimu mazoezi namna ile.

Lakini angalia nani anasimulia. Muongozaji, Lau Kar-leung, hakuwa mtu wa kamera tu. Baba yake alifundishwa na Lam Sai-wing, na Lam Sai-wing alifundishwa na Wong Fei-hung, mwalimu mashuhuri wa mtindo wa Hung kule Guangdong. Kumbe ni mtoto wa ukoo anasimulia ukoo wake! Ni kama mjukuu anayeeleza maisha ya babu kwenye matanga. Anasema kwa mapenzi, na mapenzi yanachagua ya kusema na ya kunyamazia. Sisi tukachukua maneno ya matanga, tukayafanya historia.

Sasa maandishi yanasema nini? Hekalu la Shaolin lilijengwa kweli, mwaka 495, katika Henan. Mwaka 621 watawa wake walimsaidia Li Shimin, ambaye baadaye alikuwa mfalme, katika vita juu ya Wang Shichong. Kuna jiwe la mwaka 728 lenye majina ya watawa 13 waliosifiwa kwa ile kazi. Lakini jiwe halisemi walipigana kwa mtindo gani. Hakuna ngumi, hakuna teke lililoandikwa pale.

Tushuke mpaka karne ya 16. Jemadari Qi Jiguang, aliyepigana na maharamia pwani ya China, aliandika kitabu cha kufundisha askari. Katika sura ya mikono mitupu anataja mitindo mingi ya wakati wake. Shaolin anaitaja juu ya fimbo, si juu ya ngumi. Tena anasema kila mtindo uko na upungufu wake, mmoja ni mzuri kwa juu, mwingine kwa chini, kwa hiyo ni vizuri kuchanganya. Yeye mwenyewe akachanganya, akatoa mikao 32. Cheng Zongyou naye alikaa Shaolin miaka kama 10, na mwanzoni mwa karne ya 17 akaandika kitabu. Kinahusu nini? Fimbo. Anasema ngumi ilikuwa bado haijaenea sana.

Na Bodhidharma? Jina lake linaingia kwa kitabu cha mazoezi ya mwili cha mwaka 1624, Yijin jing. Huyu mtawa alifika China zaidi ya miaka 1000 mbele. Utangulizi wa kile kitabu unajifanya wa karne ya 7, lakini unamtaja mtu ambaye ni wa hadithi ya kutunga. Tang Hao, mwanahistoria wa China, alitoa haya mambo wazi katika kitabu chake cha mwaka 1930. Na hekalu la kusini lililochomwa moto, ambalo mitindo ya Hung na Wing Chun inadai kutoka? Hadithi yake inaenda pamoja na vyama vya siri vya kupinga utawala wa Wamanchu. Chama kinachotaka watu wafe pamoja kinahitaji babu mmoja.

Mutaniambia: basi hii mitindo haina undugu? Undugu uko, tena mkubwa. Ila si ule wa filme. Tang Hao alienda katika kijiji cha Chen, kule kule Henan, fasi taichi ilikokulia. Akakuta mikao 29 kati ya ile 32 ya jemadari Qi iko ndani ya mtindo wa kijiji. Kitabu cha askari na mtindo wa kijiji vilikunywa maji ya mto mmoja. Katika karne ya 19 Yang Luchan, mtu asiye wa ule ukoo, alijifunza pale, akapeleka mpaka Beijing, na matawi mengine yakatoka. Askari, walinzi wa misafara, wakulima, watawa: wote walipeana.

Mimi nilisomea kilimo, niruhusuni mfano wa shamba. Maharagi yanajizalisha yenyewe: ukipanda mbegu yako safi, mara nyingi utavuna ile ile. Mahindi hapana. Upepo unaleta vumbi la maua kutoka shamba la jirani, na gunzi lako linapata baba ambaye hukumualika. Sisi tunafikiri mitindo ya mapigano ni maharagi. Ni mahindi.

Upepo huo haukusimama China. Mitindo ya Fujian ilivuka maji mpaka Okinawa, ikakutana na mbinu za kule, ikawa karate. Zamani jina lenyewe liliandikwa kwa alama zenye maana ya "mkono wa China". Katika miaka ya 1930 ndipo "mkono mtupu" ilishika nafasi yake, wakati Japani ilikuwa haitaki kukumbuka deni. Na hapa jirani, Uganda, Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010: makomando na kung fu katika hadithi moja ya Kiganda. Ni gunzi lingine hilo. Nani atasema si halali?

Juu ya nini nasumbuka na haya? Juu vijana wanagawanyika wakibishana klabu gani iko na "asili" na gani ni ya kuiga. Tena sisi wana Ituri tunajua bei ya maneno haya. Kati ya 1999 na 2003 watu walikufa, na swali la nani alifika wa kwanza na nani ni mgeni lilikuwa kama petroli kwenye moto. Hadithi ya baba mmoja inapendeza mpaka siku inageuka kuwa karatasi ya kumfukuza mwenzako. Msomi akisikia hadithi ya asili, aulize kwanza: maandishi ya kwanza yanayosema hivyo yaliandikwa lini, na aliyeandika alitafuta nini?

Na kazi moja iko mikononi mwetu. Walimu wa kwanza wa karate, judo na kung fu hapa Mbunya walifundishwa na nani, na huyo na nani? Wazee wanaojua wangali hai. Twende na daftari, tuandike majina na miaka kabla filme haijatuandikia.