Walinzi wa Jozani

Mgeni anayepita msitu wa Jozani, Unguja, huwaona kima punju baada ya mwendo mfupi, akapiga picha, akakimbilia ufukwe wa Paje. Asili ya kima hao ni kisiwa hiki tu. Wapo watu wanaotoka jasho ili kima waonekane kirahisi hivyo.

Msitu ulitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, lakini tangazo halizuii shoka. Walinzi huingia kwenye vichaka vilivyoota juu ya mawe ya matumbawe, makali ya kula soli za viatu, wakitafuta mitego ya paa nunga na mashina mapya yaliyokatwa kwa kuni.

Kazi ngumu zaidi, nionavyo, iko shambani. Kima wameshuka, wameangusha nazi changa, na mkulima amefura. Mlinzi hukaa naye, akamsikiliza mpaka amalize. Sehemu ya viingilio hurudi vijijini, ndiyo, ila mwenye minazi ndiye ajuaye kama inatosha. Na mlinzi aliyezaliwa hapo hapo huenda anamkanya mjomba wake!

Watembeza wageni nao hurudia toka asubuhi: usiguse, usilishe, rudi nyuma, mafua yako yatamwambukiza kima. Anayetaka picha ya bega kwa bega hukasirika.

Barabara ya kusini hupasua msitu, na magari yaliwaponda kima wengi hadi yalipowekwa matuta. Vifo vikapungua. Madereva wanayanung'unikia matuta hayo mpaka leo.