Mchezo wa Mateso wa Oberammergau: Nani Aliyemsulubisha Bwana?

Wengi hufikiri kwamba kucheza Mateso ya Bwana ni kazi nyepesi: kusoma Injili, kugawa majina, kushona nguo, basi. Habari ya Oberammergau inaonyesha kwamba sivyo.

Oberammergau ni kijiji cha Bavaria, katika Ujerumani, chenye watu karibu 5,000. Mwaka 1633 tauni iliwaua wengi humo. Wenyeji wakaweka nadhiri: Mungu akiwaponya, watacheza Mateso kila miaka kumi. Mwaka 1634 wakaanza, penye makaburi ya wafu wao, kando ya kanisa. Mchezo wa 42 ulipaswa kufanyika mwaka 2020. Kwa ajili ya ugonjwa wa Covid ukachezwa tangu Mei hata Oktoba 2022. Wa kufuata unangojwa mwaka 2030.

Kwanza tuwasifu. Mchezaji lazima awe amezaliwa kijijini ama amekaa humo miaka 20. Tangu Jumatano ya Majivu ya mwaka unaotangulia, wanaume hawakati nywele wala ndevu. Mchezo unachukua karibu saa tano, pamoja na kwaya na orkestra. Tena, kati ya sehemu na sehemu, watu wanasimama kimya kama sanamu, wakionyesha mambo ya Agano la Kale. Hivi mtazamaji anaelewa kwa macho kwamba Mateso yalitangazwa tangu zamani. Katekista gani asingetamani fundisho la namna hiyo?

Lakini kazi nzuri yaweza kubeba sumu. Zamani makuhani wa mchezo huo walivaa kofia zenye pembe, kama mashetani. Pilato alikuwa bwana mwema aliyelazimishwa. Umati wote wa Wayuda ulijitwika damu ya Yezu kwa sauti moja. Hitler aliutazama mwaka 1930, akarudi mwaka 1934. Na mwaka 1942, Wayuda walipokuwa wakiuawa kwa wingi katika Ulaya, aliusifu kwa sababu uliwaonyesha jinsi alivyotaka waonekane. Wachezaji hawakukusudia hayo. Hata hivi mchezo wao ulimfaa mwuaji, nayo ni hukumu nzito juu ya kazi iliyozaliwa kwa nadhiri.

Kanisa lilisema wazi. Mwaka 1959 Baba Mtakatifu Yohane XXIII aliondoa katika sala ya Ijumaa Kuu neno lililowadharau Wayuda. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Vatikano, katika tangazo Nostra Aetate, ulifundisha kwamba Mateso ya Kristu hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayuda wote wa wakati ule, wala juu ya Wayuda wa leo. Kijiji hakikugeuka upesi: mwaka 1970 mashirika ya Wayuda wa Marekani yaliwaomba watu wasiende kutazama. Mageuzi makubwa yalikuja pamoja na Christian Stückl, anayeongoza mchezo tangu 1990. Tangu mwaka 2000 kilio kile cha damu hakisikiki tena. Katika mchezo wa 2022 Yezu anainua kitabu cha Torati, na watu wanaimba pamoja naye kwa Kiebrania. Pilato ni mtawala mkatili. Na Yuda Iskariote alichezwa na Cengiz Görür, kijana Mwislamu wa kijiji hicho.

Wengine wananung'unika: “Mnaikata Injili! Kilio hicho kimo katika Mateo 27, 25.” Shauri hili lastahili jibu. Injili inasomwa yote kanisani, na padiri anaieleza. Mchezo hauna mwenye kueleza. Mamia ya watu wakipaza sauti mbele yake, mtazamaji haulizi maana, anachukia tu. Tena kila mchezo huchagua, kwa maana hakuna uwezao kuonyesha Injili nne pamoja. Na pembe zile, nani aliziona katika Injili? Wa zamani nao waliongeza mambo yao.

Mimi nina neno lingine. Hata katika mchezo wa 2022 mzigo wa Kaifa ungali mzito, na ule wa Pilato umeongezwa. Mtazamaji anarudi nyumbani akiisha kumpata mkosaji, naye mwenyewe yu salama. Lakini Katekisimu ya Mtaguso wa Trento, ya mwaka 1566, inafundisha kwamba ni dhambi zetu zilizomsulubisha Bwana, na kwamba kosa letu ni zito kupita lile la Wayuda, kwani sisi twakiri kumjua. Fundisho hili la kale ni kali kuliko mageuzi yote ya Stückl, nalo halijaonekana vya kutosha jukwaani.

Basi ninyi mnaotayarisha Mateso katika parokia, angalieni nguo na sauti, kwani hizo nazo zinahubiri. Msiwape makuhani sura ya kutisha. Yezu, Maria na Petro wavae sawasawa na umati, maana wote walikuwa Wayuda. Na wale watakaopiga kelele “Asulubiwe” msiwaweke mbali, nyuma ya pazia. Watoke katika viti vya waamini, baba kando ya mkewe, mwimbaji kutoka kwaya yake, kila mtu na nguo zake za kila siku.