Mgogoro Pasipo Ugomvi: Msuko wa "Leaving" ya M.G. Vassanji

Katika uhakiki wa kazi za kubuni kwa Kiswahili, istilahi "mgogoro" imebebeshwa mzigo usio wake. Lugha ya magazeti na mahakama imeizoesha kumaanisha ugomvi: mgogoro wa ardhi, mgogoro wa wafanyakazi na mwajiri. Mwanafunzi anayeikuta katika darasa la fasihi hukimbilia kutafuta watu wawili wanaokinzana, kisha huorodhesha jozi: baba na binti, tajiri na maskini, mzee na kijana. Maana kongwe ya neno hilo, yaani kizuizi kinachomkwamisha mtu njiani, ingemfaa zaidi. Kizuizi hakihitaji adui.

Hadithi fupi "Leaving", iliyomo katika mkusanyiko wa Vassanji uitwao *Uhuru Street* (1991), inaufichua udhaifu wa orodha hiyo. Imeandikwa kwa Kiingereza, ila mandhari yake ni ya Dar es Salaam hasa: Mtaa wa Uhuru, ambao zamani uliitwa Kichwele, unaotoka Mnazi Mmoja, ukapita Kariakoo na Mchikichini kuelekea Ilala. Mama mjane aliyeendesha duka mtaani humo ameliuza na kuhamia Upanga pamoja na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa. Mmoja wao, Aloo, alitamani kusomea udaktari. Chuo kikuu kimempangia kilimo. Anaomba nafasi Marekani na kuipata. Aende au asiende?

Msomaji wa jozi atajibu haraka kwamba mgogoro ni kati ya Aloo na mfumo uliompangia masomo asiyoyataka. Jibu hilo halitoshelezi. Upangaji ule ni kisababishi tu. Barua ya Marekani inapowasili, tatizo la Aloo limekwisha, ilhali hadithi ndiyo kwanza inapata uzito. Aliyekwama ni mama. Anamtakia mwanawe heri, na heri hiyo ndiyo itakayomwondoa. Hapa hakuna mkosaji wa kulaumiwa, na ndiyo maana mwanafunzi hana wa kumwandika upande wa pili wa jozi.

Ustadi wa msuko uko katika mpangilio wa habari. Kwamba mama huyu alifiwa akiwa na umri wa miaka 33, akakataa posa kwa kuwa ingemlazimu kuwapeleka watoto kituo cha yatima, si jambo linalotangazwa mwanzoni kama wasifu wa mhusika. Tungelipata mapema, tungelisoma kama sifa njema, basi. Likija baada ya safari ya Aloo kukaribia kuwa kweli, linageuka deni: aliyekataa kutengana na watoto sasa anaombwa aridhie utengano kwa hiari. Matukio ni yaleyale; mfuatano ndio uliozaa maana. Ahadi anazomdai mwanawe, ikiwamo ya kutooa mwanamke wa Kizungu, hazina budi kusomwa kwa mwanga huo. Kuziita ubaguzi na kuishia hapo ni uhakiki mvivu.

Wala kasoro hii haihusu hadithi za Kiingereza pekee. *Rosa Mistika* (1971) ya Euphrase Kezilahabi huhakikiwa mno kwa jozi ya Zakaria na Rosa, kwa sababu kipigo anachompa bintiye kwa ajili ya barua ya Charles kinaonekana waziwazi. Lakini Zakaria hayupo Morogoro. Rosa anapofika chuoni huko, aliyelindwa kwa fimbo hana mlinzi wala hana mazoea ya kuchagua, na riwaya inazidi kukaza pale ambapo mpinzani wake ameachwa mbali. Orodha ya jozi haina nafasi ya kuliandika hilo.

Mandhari nayo huathiriwa na usomaji huo, ikabaki kutajwa kwa jina la mji na kipindi. Katika "Leaving", duka la Mtaa wa Uhuru ndiko mama alikowalea watoto bila mume, mbele ya pilikapilika za wapita njia. Upanga kumetulia. Hadithi inamweka mama katika utulivu huo kabla ya kumletea habari za safari, akiwa hana tena duka la kumshughulisha.