Mwalimu Ulingoni: Kicheko na Nafasi ya Pili

Wahenga wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Na wahenga hao hao walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali ya kwanza yamwambia mtu mzima kwamba saa yake imepita. Ya pili yamwambia kwamba moto wa mhunzi ungali unawaka. Mwanafunzi wa fasihi asidhani kuwa moja kati ya hizi ni ya uongo. Zote mbili ni za kweli, na katikati yao pana uwanja mpana ambamo michezo mingi ya kuchekesha imejengwa. Nia yangu katika makala haya ni kuutazama uwanja huo kwa kuichambua picha moja ya sinema, Here Comes the Boom, iliyotoka Marekani mwaka 2012 na kuongozwa na Frank Coraci. Swali langu ni moja: mtu mzima apewapo nafasi ya pili, ni lazima ashinde ndipo astahili heshima?

Kisa chenyewe ni chepesi. Scott Voss, anayeigizwa na Kevin James, ni mwalimu wa bayolojia katika shule ya sekondari mjini Boston. Umri wake ni miaka 42. Mwili umenenepa, ari imekonda. Shule inaamua kulifuta somo la muziki kwa upungufu wa fedha, na mwalimu wa somo hilo, Marty Streb, yu karibu kupoteza kazi wakati mkewe ni mjamzito. Voss anaropoka mbele ya watu kwamba atazitafuta yeye dola 48,000 zinazohitajika. Ameahidi kabla ya kufikiri, na ahadi ni deni. Ujanani alikuwa mwanamieleka. Kwa hiyo anaingia katika mapigano yachanganyayo ngumi, mateke na mieleka.

Lakini tazama namna anavyoingia. Bondia wa hadithi nyingine huingia ulingoni akitafuta ushindi. Huyu aingia akitafuta kushindwa. Amepata habari kwamba katika mashindano makubwa hata anayepigwa hulipwa dola 10,000, naye anapiga hesabu kama mtu ahesabuye magunia ya mtama: nikipigwa mara kadhaa, deni limekwisha. Hapa ndipo ufundi wa kisa hiki ulipo. Mwalimu aliyezoea kutafuta riziki ya pembeni baada ya saa za kazi, awe Boston au Bahi, ataitambua hesabu hiyo mara moja. Ni hesabu ya kuchekesha, na ndani yake mna uchungu, maana inatuonyesha mtu ambaye amekwisha kukubali kwamba mwili wake hauna thamani nyingine ila kupigwa.

Niliionyesha picha hii kwa wanafunzi wangu jioni moja hapa Dodoma. Wengi wao walikuwa vijana wasiozidi miaka 23. Voss alipohema na kubwagwa chini kama gunia, walicheka hata machozi yakawatoka. Miongoni mwao alikuwamo mwanafunzi mmoja wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi aliyeacha chaki kwa muda ili aje kutafuta shahada. Yeye hakucheka. Baadaye Voss alipokuwa akifundishwa namna ya kusimama na kuinua mikono, naye akakosea kama mtoto wa darasa la kwanza, mzee yule alicheka peke yake, na vijana wakageuka kumtazama. Nilipomwuliza, alijibu tu kwamba mahali pale alijiona mwenyewe. Nami, ambaye nimekwisha kuvuka miaka 40, nilitambua kwamba chumba kimoja kilikuwa na vicheko viwili: kicheko cha kumcheka mtu, na kicheko cha kucheka pamoja naye.

Tofauti hii si ngeni katika sanaa yetu. Marehemu Amri Athumani, maarufu kwa jina la King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, aliwachekesha Watanzania kwa miaka mingi kwa kuigiza mtu mzima mwenye tamaa na vituko. Aghalabu mtu wake habadiliki. Twamcheka leo kwa sababu atafanya kesho kama alivyofanya jana, na kama angejirekebisha, kichekesho kingekufa. Voss ni kinyume chake. Twaanza kumcheka kwa sababu ni mzembe. Kisha twaona anabadilika, na kicheko chetu hakina budi kubadilika pamoja naye. Mtazamaji aliyebaki kucheka mwishoni kama alivyocheka mwanzoni hakuitazama picha.

Kwa maoni yangu moyo wa picha hii haupo ulingoni, upo darasani. Voss anafundisha darasa la jioni la wageni wanaojiandaa kwa mtihani wa uraia wa Marekani. Humo anakutana na Niko, Mholanzi aliyepata kuwa mpiganaji, anayeigizwa na Bas Rutten ambaye katika maisha yake halisi alikuwa bingwa wa uzito wa juu wa UFC mwaka 1999. Wanapeana ujuzi: huyu amfundisha mwenzake uraia, na yule amfundisha mapigano. Kila mmoja ni mwalimu, na kila mmoja ni mwanafunzi. Msomaji wa nchi yetu asilipite jambo hili upesi. Mwaka 1970 ulitangazwa hapa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee waliokuwa na wajukuu waliketi mbele ya ubao kujifunza kuandika majina yao. Jambo gumu kwao halikuwa herufi tu. Lilikuwa pia aibu ya kuonekana hawajui mbele ya vijana wanaojua.

Tena picha ina tendo moja zito ambalo laiti lingepewa nafasi zaidi. Voss anapoalikwa katika mashindano makubwa, Niko anaificha habari ile. Sababu yake ni kijicho: yeye mwenyewe aliumia shingo, na nafasi yake ikapita. Hapo kicheko kinanyamaza. Twafahamu kwamba nafasi ya pili haigawiwi sawasawa, na kwamba huenda rafiki akakuombea heri kwa mdomo huku moyo wake ukiungua. Picha inamsamehe Niko upesi mno, kama kwamba inaogopa kupoteza furaha ya watazamaji.

Sasa nije kwenye kosa kubwa. Kisa kinapokaribia mwisho, fedha zilizokusanywa zinaibwa huko huko shuleni. Kwa hiyo dola 10,000 za anayeshindwa hazitoshi tena. Voss hana budi kushinda apate dola 50,000. Anapigana Las Vegas na mtu mwenye nguvu kumzidi, naye anashinda. Wizi huu haukuzaliwa na kisa. Umeletwa na haja ya mtunzi. Alikuwa na shujaa aliyeweza kushindwa na bado akatimiza ahadi yake, akamwogopa, akamtafutia sababu ya kushinda.

Huenda mtu akasema kwamba mchezo wa kuchekesha sharti uishe kwa furaha. Nakubali. Lakini furaha ilikuwapo tayari: wanafunzi wa darasa la jioni wanafaulu mtihani na kupokea uraia mbele ya mwalimu wao. Hiyo ingetosha. Rocky, picha ya mwaka 1976, ilithubutu kumaliza kwa bondia wake kushindwa kwa pointi, na mtazamaji akatoka akijiona mshindi. Chuck Wepner, ambaye pambano lake na Muhammad Ali la mwaka 1975 lilichochea picha hiyo, alikuwa na miaka 36, naye alidumu hadi raundi ya 15 kabla ya kusimamishwa.

Wala sisemi kwamba ushindi wa namna hii hauwezekani. George Foreman alipoteza ubingwa kwa Ali mjini Kinshasa mwaka 1974, akaurudisha mwaka 1994 akiwa na miaka 45. Hassan Mwakinyo wa Tanga, kijana bado, alikwenda Birmingham mwaka 2018 bila kutarajiwa na wengi, akammaliza Sam Eggington katika raundi ya 2. Mambo hayo yalitukia, nasi tuliyafurahia. Lakini tukio la kweli halihitaji kutufundisha lolote, ila hadithi hufundisha kwa kile inachokichagua. Hadithi imwinuapo mtu wa makamo kwa sharti la kushinda, inawaambia wasioshinda kwamba walipoteza muda wao. Mwanafunzi wangu yule hatakuwa wa kwanza darasani. Pengine atapata shahada ya daraja la chini, kisha atarudi shuleni kwake kwenye ubao ule ule. Je, tumwambie hakupata nafasi ya pili?

Wakulima wa zabibu wa hapa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Baada ya mavuno ya kwanza mzabibu hukatwa matawi, ukabaki kama kijiti kikavu, na mpita njia asiyejua hudhani umekufa. Mkulima hauulizi kama mavuno ya pili yatayapita ya kwanza. Huupalilia, akangoja. Wahakiki na walimu nasi tungefanya hivyo: tuwacheke wazee wetu pamoja nao, na tusiwadai ushindi kabla ya kuwapa heshima.